Bima Binafsi ya Meno: Soma Kikomo Kabla ya Kuuliza Ada

Malalamiko kuhusu bima binafsi za meno yameongezeka mezani kwetu, na mengi yanatoka kwa watu waliolipa ada kwa wakati kisha wakaelezwa, wakiwa tayari wamekaa kwenye kiti cha daktari, kwamba tiba wanayoihitaji hailipiwi au inalipiwa nusu tu.

Tatizo kubwa ni kuidhania bima ya meno kuwa sawa na bima ya matibabu. Bima nyingi za meno zina kikomo cha mwaka, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni hulipa kwa mwaka, na kikifikiwa kampuni haidaiwi tena, hata kama kazi ya kinywani imeishia nusu. Inasikitisha kwamba waombaji wengi huuliza ada peke yake.

Mpangilio uliozoeleka una makundi matatu: uchunguzi na usafishaji hulipiwa wote au karibu wote, kuziba na kung'oa hulipiwa takriban asilimia 80, na kazi kubwa kama kofia ya jino (kifuniko cha jino lililoharibika), daraja (jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani kuziba pengo) au meno bandia takriban asilimia 50. Matibabu ya mzizi wa jino huwekwa kundi la pili katika mikataba mingine na la tatu katika mingine, na tofauti hiyo si ndogo.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa sarafu yoyote: ada ya mwaka ni 120, kikomo ni 400, na kila ziara ya uchunguzi na usafishaji hugharimu 40. Mwenye kinywa salama anayekwenda mara 2 atalipiwa 80, yaani amepoteza 40. Akizibwa jino moja kwa 60, atalipiwa 48 zaidi, na jumla ya 128 inazidi ada kwa 8 tu. Lakini iwapo badala ya kuzibwa atahitaji matibabu ya mzizi pamoja na kofia kwa 900, yote yakiwa kundi la tatu, nusu yake ni 450 ilhali kikomo kimebakiza 320. Atatoa 580 mfukoni, na kwa kujumlisha ada atakuwa ametumia 700 badala ya 980 ambazo angelipa bila bima (900 pamoja na 80 za ziara). Nafuu ipo, ila si ile aliyoitarajia.

Kwa maoni yetu, mwenye meno na fizi imara anayeweza kuweka akiba kila mwezi bila kuigusa hana haja kubwa ya bima hii, isipokuwa mwajiri anachangia ada. Mwenye ugonjwa wa fizi au viziba vingi vya zamani ana sababu ya kuifikiria, mradi ajiunge mapema, kwa kuwa kazi kubwa mara nyingi hulipiwa tu baada ya kusubiri miezi 6 hadi 12 tangu kujiunga. Kujiunga leo kwa sababu jino lilianza kuuma jana, kisha kudai umedhulumiwa, si haki kwa yeyote. Mama mmoja alituletea mkataba ambao kurasa zake za nyuma zilikuwa bado zimeshikana; daraja lake lilikataliwa kwa sababu pengo lilikuwepo kabla ya kujiunga, na sharti hilo lilikuwa limeandikwa humo.

Kabla ya kazi kubwa, mwombe daktari apeleke kwa kampuni mpango wa matibabu unaoonyesha namba ya jino, aina ya kazi, gharama ya kila kipengele na picha ya eksirei, kisha subiri jibu la maandishi linalotaja kiasi kitakacholipwa na salio la kikomo. Jibu la simu halitoshi. Baada ya tiba, dai stakabadhi yenye mchanganuo na uwasilishe dai ndani ya muda uliotajwa mkatabani, kwa kuwa dai lililochelewa linaweza kukataliwa hata likiwa la haki.

Msimwombe daktari abadilishe tarehe ya tiba ili ionekane imefanyika baada ya muda wa kusubiri. Huo ni udanganyifu: dai hukataliwa, mkataba unaweza kufutwa, fedha zilizokwishalipwa zikadaiwa, na mgonjwa pamoja na daktari wakashtakiwa. Dai likikataliwa isivyo halali, andikia kampuni kwanza, ambatisha lile jibu la maandishi, na utunze nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Bila nakala hiyo ni vigumu kwetu kulifuatilia shauri lako.