Kategoria za ukaguzi kwenye mfumo: yanayosemwa na yalivyo

Kazi ya kuweka kategoria za ukaguzi kwenye programu ya uzingatiaji (ya kufuatilia kama kampuni inafuata sheria na viwango) mara nyingi huachiwa alasiri ya mwisho ya mafunzo, watu wameshachoka. Madhara huonekana mwaka unaofuata, meneja anapoomba idadi ya hoja (kasoro zilizoandikwa na wakaguzi) zilizobaki wazi na mfumo ukampa orodha isiyojumlishika.

"Kategoria zikiwa nyingi, taarifa zitakuwa za kina."

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Tuseme kampuni ina matawi 6, inafuata viwango 3 (ISO 9001 cha ubora, ISO 14001 cha mazingira na ISO 45001 cha afya na usalama kazini) na inakagua kila robo mwaka. Ukiandika "Usalama – Ghala la Tabata – Robo ya 2" kuwa kategoria moja, kabla mwaka haujaisha utakuwa nazo 72, maana 6 × 3 × 4. Tawi, kiwango na kipindi vikikaa kila kimoja kwenye sehemu yake ya kujaza, maingizo ni 13 tu, na ripoti utaichambua utakavyo. Kategoria ijibu swali moja: huu ni ukaguzi wa aina gani? Umefanyika wapi, lini na nani kakagua, hayo yana sehemu zake.

Pa kuanzia pazuri ni mgawanyo wa mwongozo wa ISO 19011:2018: ukaguzi wa ndani, ukaguzi wa wasambazaji, na ukaguzi wa nje, ukiwemo wa ithibati (wa kupata cheti cha kiwango). Mwongozo unauweka ukaguzi wa kisheria ndani ya huo wa tatu. Ni bora kuutenga, kwa sababu wakija wakaguzi wa serikali wa usalama kazini, viwango au mazingira, yaani OSHA, TBS au NEMC kwa Tanzania (kwa Kenya, DOSHS, KEBS au NEMA), tarehe ya kurekebisha wanaipanga wao, si mfumo wako. Kwa kampuni nyingi, kategoria hizo nne zinatosha.

"Kategoria ni jina tu."

Katika programu nyingi za aina hii, kategoria ndiyo inayobeba orodha hakiki (orodha ya maswali ya mkaguzi), ruhusa za kuona, watu wa kuarifiwa na siku za kufunga hoja. Mkaguzi akichagua "Ndani" kwa ukaguzi wa msambazaji wa vifungashio, itafunguka orodha inayouliza mafunzo ya wafanyakazi wenu, na barua pepe ya hoja itamwendea mkuu wa idara asiyehusika. Msambazaji hapati kitu, na huku siku za kufunga hoja, tuseme 30, zinahesabika.

Kwa hiyo usiishie kwenye jina. Weka msimbo wa herufi tatu (NDN kwa ndani, MSB kwa msambazaji, ITB kwa ithibati, SHR kwa sheria) ili namba ya ukaguzi isomeke yenyewe, mfano MSB-2025-014. Kisha unganisha orodha hakiki, taja mhusika mkuu, weka siku za kufunga, weka ruhusa. Baada ya hapo fungua ukaguzi wa majaribio, andika hoja moja, ifunge, uone barua pepe zimefika kwa nani. Jaribio hilo lifanyike kwa akaunti ya mkaguzi wa kawaida. Msimamizi wa mfumo huona kila kitu, hivyo kosa la ruhusa halimtokei kamwe.

"Tufuate vifungu vya kiwango."

Kifungu ni mali ya hoja. Ukikagua manunuzi peke yake, tayari utagusa vifungu kadhaa vya ISO 9001: cha 8.4 kuhusu wasambazaji, cha 7.5 kuhusu nyaraka, cha 7.2 kuhusu umahiri. Utauweka ukaguzi huo kwenye kipi? Tena viwango hubadilika. Kiambatisho A cha ISO 27001, kiwango cha usalama wa taarifa, katika toleo la 2013 kilikuwa na vidhibiti (hatua za ulinzi) 114 katika makundi 14. Toleo la 2022 lina 93 katika makundi 4. Aliyeyafanya yale makundi 14 kuwa kategoria alilazimika kuujenga mfumo upya. Aliyeandika kifungu kwenye hoja alibadilisha jedwali moja.

"ISO inataka kategoria maalumu."

Haitaki. Kifungu cha 9.2 cha ISO 9001:2015 kinadai mpango wa ukaguzi unaoonyesha ni mara ngapi, kwa njia gani na nani anawajibika, ukizingatia umuhimu wa michakato, mabadiliko na matokeo ya kaguzi zilizopita. Mkaguzi wa ithibati atauliza kwa nini ghala lenye hoja nyingi mwaka jana limekaguliwa mara moja tu mwaka huu. Kategoria zako ni nne au ishirini, si shida yake.

"Kasoro kubwa" na "kasoro ndogo" nazo si kategoria za ukaguzi. Ni uzito wa hoja.

"Isiyotumika ifutwe."

Usifute, izime. Ikifutwa, programu nyingine huacha kaguzi za zamani bila kategoria, na jumla ya mwaka jana hailingani tena na ripoti iliyokwisha sainiwa. Kubadilisha jina kuna hatari kama hiyo, kwani jina jipya huweza kujitokeza hata kwenye kumbukumbu za zamani. Maana ikibadilika, tengeneza kategoria mpya na uandike tarehe ya kuanza kutumika.

"Nyinginezo haina madhara."

Ina madhara ikikaa juu ya menyu, kwa sababu mwenye haraka huchagua cha kwanza. Iweke mwisho, maelezo yawe ya lazima, na uipitie kila robo mwaka. Ukaguzi wa aina ileile ukijirudia humo mara tatu, upe kategoria yake.

Na kabla ya kuingiza data za zamani kutoka Excel, kagua nafasi tupu mwishoni mwa maneno. "Usalama kazini" na "Usalama kazini " kwa jicho ni kitu kimoja, lakini programu isiyoondoa nafasi hizo itazisoma kama kategoria mbili, na kila moja itakuja na jumla yake.