Umeme ndani ya ubongo, na mikono ya mshona nyavu wa Ujiji

Wiki iliyopita hapa Kigoma nilimpokea mzee mshona nyavu kutoka Ujiji. Mkono wake wa kulia, ukiwa umepumzika juu ya paja, ulitetemeka, dole gumba likisugua kidole cha shahada kana kwamba anavuta tasbihi. Alipouinua kupokea kikombe cha maji mtetemo ulipungua, lakini vidole vilikuwa vizito mno kufunga fundo. Huo ni ugonjwa wa Parkinson. Mjukuu wake, aliyeona kwenye simu video ya mgonjwa akitulia mara kifaa cha umeme kilichopandikizwa mwilini mwake kinapowashwa, aliniuliza: “Daktari, hiyo shoti haitamdhuru babu?”

Ubongo wenyewe hufanya kazi kwa umeme. Katika Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zinapokufa, makundi ya seli yaliyo ndani kabisa ya ubongo hupiga mapigo kwa mdundo mmoja kupita kiasi, na amri ya kusogeza kiungo hukwama hapo. Mwaka 1987, huko Grenoble nchini Ufaransa, daktari mpasuaji wa ubongo Alim-Louis Benabid aligundua kwamba umeme mdogo wa mapigo ya haraka hutuliza mtetemo bila kuunguza sehemu ya ubongo, kama wapasuaji walivyokuwa wakifanya awali. Siku hizi waya mwembamba hupandikizwa kwenye mojawapo ya makundi hayo ya seli, dogo kuliko punje ya haragwe, ukapitishwa chini ya ngozi hadi kwenye betri iliyo chini ya mtulinga, na mapigo huwa takriban 130 kwa sekunde. Kila kitu hutegemea kiasi na mahali: waya ukikaa milimita chache pembeni, ulimi unaweza kuwa mzito au misuli ikakakamaa.

Kinachonipa matumaini zaidi ni vifaa vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2025, ambavyo husikiliza mdundo huo wa seli za ubongo na kuongeza au kupunguza umeme vyenyewe, badala ya kutoa kiasi kilekile usiku na mchana.

Umeme wa ubongo huguswa pia katika kutibu sonona, kwa njia isiyohitaji kisu: koili ya sumaku (waya uliozungushwa) huwekwa juu ya kichwa na kuamsha umeme mdogo ubongoni, njia ambayo mwanasayansi Anthony Barker na wenzake waliionyesha Sheffield, Uingereza, mwaka 1985 na Marekani ikairuhusu kwa sonona mwaka 2008. Mwenye chuma kichwani au historia ya kifafa lazima aseme mapema.

Mjukuu nilimweleza wazi kwamba kifaa kile cha kupandikizwa hakiponyi Parkinson wala hakiizuii kuendelea. Huwafaa zaidi wale ambao levodopa, dawa inayogeuka kuwa dopamini ubongoni, bado inawasaidia ila nafuu yake inapanda na kushuka, na huhitaji marekebisho ya mara kwa mara, yaani safari ndefu kwa mtu wa Kigoma. Babu yake hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha levodopa. Hapo ndipo tumeanzia, na nimemwomba arudi na uzi na sindano yake ya nyavu, ili nivipime vidole kwa kazi vinayoijua.