Farasi wa kodi na farasi wa injini

Kila zinaposimuliwa habari za Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, walioivuka Afrika kwa magari manane ya Citroën kati ya Oktoba 1924 na Juni 1925, hurudi sentensi ile ile: eti safari yote, kutoka Colomb-Béchar nchini Algeria hadi Madagaska, ilifanywa kwa injini ya nguvu za farasi 10. Imerudiwa mno, na si kweli. Injini ile ya aina ya B2, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,452, ilitoa takriban farasi 20. Ile 10 ilikuwa namba ya daraja la gari, na daraja na kipimo ni vitu viwili mbalimbali.

Nguvu ya farasi ni kipimo cha kazi inayofanyika kwa muda fulani, basi. James Watt alimkadiria farasi wa kinu anayezunguka duara lenye nusu kipenyo cha futi 12, mara 144 kwa saa, akivuta kwa nguvu ya ratili 180. Ukizidisha unapata kama futi-ratili 32,600 kwa dakika, naye akazifanya 33,000. Hiyo ndiyo HP, wati 746. Wafaransa na Wajerumani walipendelea mita na kilo: kilo 75 kuinuliwa mita moja kwa sekunde, yaani CV au PS, wati 735.5. Tofauti yake haifiki asilimia 2, na safari haikwami kwa sababu hiyo.

Kinacholeta vurugu ni farasi wa kodi. Serikali zilipotaka kutoza magari, hazikuweza kuifunga kila injini kwenye mtambo na kuipima. Uingereza ikachukua kanuni rahisi: pima kipenyo cha silinda kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, gawanya kwa 2.5. Nyuma ya ile 2.5 kuna makisio matatu: kwamba pistoni inakwenda futi 1,000 kwa dakika, kwamba shinikizo la wastani ndani ya silinda ni ratili 90 kwa inchi ya mraba, na kwamba robo tatu ya nguvu hiyo inafika kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Kwa injini za mwanzoni mwa karne ya 20 makisio hayo hayakuwa mabaya. Injini ziliendelea kuboreka, kanuni ikabaki pale pale.

Tazama kisichomo kwenye kanuni hiyo: umbali ambao pistoni inapanda na kushuka. Mtengenezaji aliyetaka nguvu bila kuongeza kodi alifanya silinda nyembamba na ndefu. Uingereza ilipoanza kutoza pauni moja kwa kila farasi mwaka 1921, umbo hilo likawa karibu sheria. Injini ya namna hiyo huvuta vizuri ikiwa inazunguka polepole, lakini ukiilazimisha kukimbia, pistoni husafiri mbali mno katika kila mzunguko, na beringi za metali nyeupe chini ya mikono ya pistoni hupata joto hadi zikayeyuka.

Fanya hesabu mwenyewe uone namba hizi zinavyodanganya. Ford T ina silinda nne za inchi 3.75: farasi wa kodi 22.5. Injini yenyewe ilitoa 20. Hapa kodi ilizidi nguvu, na ndiyo sababu Ford hii ilikuwa gari la bei nafuu kulinunua lakini ghali kulilipia kodi Uingereza, pauni 23 kwa mwaka. Crossley 25/30, aina waliyotumia akina Court Treatt kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1924 hadi 1926, ina silinda nne za milimita 102: hesabu inatoa 25.8, na ile 25 ya jina imetoka hapo.

Wafaransa nao walikuwa na kanuni yao, iliyohesabu pia mwendo wa pistoni na kasi ya mizunguko. Kwa hiyo injini moja iliweza kuwa na farasi wa kodi tofauti Paris na London bila kubadilishwa hata skrubu.

Halafu kuna namba zenye mkwaju (/). Itala, gari la Mwitaliano Prince Scipione Borghese, lililotoka Peking tarehe 10 Juni 1907 na kufika Paris tarehe 10 Agosti, liliitwa 35/45. Wengi huandika "farasi kati ya 35 na 45", kana kwamba kiwanda hakikuwa na hakika. Sivyo. Namba ya kwanza ilikuwa daraja la gari, ya pili nguvu ambayo kiwanda kilidai injini inafikia. Silinda zake nne za milimita 130 zikipitishwa kwenye kanuni ya Uingereza hutoa karibu 42, ambayo si 35 wala 45.

Na hata farasi wa kweli hawajibu swali la nani atapita mchangani. Injini hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kila inapopanda mita 1,000. Farasi 20 wa Haardt walipofika Kampala, ambako msafara uligawanyika makundi manne kuelekea Mombasa, Dar es Salaam, Msumbiji na Cape Town, walikuwa hawazidi 18. Kilichowavusha ni mikanda ya Kégresse, iliyowekwa mahali pa magurudumu ya nyuma na kusambaza uzito, pamoja na gia nzito. Ford T huonyesha jambo hilo vizuri: gia yake ya kwanza hupunguza mizunguko mara 2.75, ya kurudi nyuma mara 4. Ndiyo maana madereva walipanda milima mikali kinyumenyume, ingawa pia petroli ilitiririka yenyewe kutoka kwenye tangi, na gari likipanda kwa mbele ingekatika.

Kwa hiyo "Citroën 10 HP" iandikwe kama jina la gari, kisha isemwe kwamba injini ilitoa takriban farasi 20. Mkwaju wa Itala na Crossley ubaki ulivyo, bila "kati ya". Ambapo chanzo chako hakisemi ni farasi wa aina gani, taja kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, msomaji atafanya hesabu mwenyewe.