Herufi Moja Kwenye Senti: Alama ya Kiwanda Ni Nini?

Ukipata senti ya zamani ya Marekani yenye kichwa cha Rais Lincoln, tazama chini ya mwaka. Huenda ukaona herufi moja, ndogo kuliko punje ya mtama. Hiyo ndiyo alama ya kiwanda: inaonyesha sarafu ilipigwa wapi. S ni San Francisco, D ni Denver. Ikiwa hakuna herufi, kwa kawaida ni ya Philadelphia. Hata zile sarafu za kikoloni za Afrika Mashariki, zenye tundu katikati, baadhi zina H au KN, alama za viwanda vya Birmingham.

Wengi hudhani sarafu hupanda bei kwa sababu ya uzee. Sivyo. Chukua senti za 1909, mwaka ambao Lincoln alitiwa kwenye senti kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwake. Mchongaji, Victor David Brenner, aliweka herufi V.D.B. upande wa nyuma, chini kati ya masuke mawili ya ngano. Watu wakanung'unika kuwa anajitangaza, na baada ya siku chache tu zikaondolewa. Kufikia hapo Philadelphia ilikwisha kupiga karibu milioni 28, San Francisco 484,000 tu. Umri mmoja, shaba ileile, sura ileile. Lakini ile ya Philadelphia ikiwa imechakaa haifiki hata dola 50, na yenye S iliyochakaa vilevile huuzwa mamia ya dola.

Pengo hilo limewanoa matapeli. Huchukua senti ya Philadelphia wakaibandika S. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huiinamisha sarafu kwenye mwanga, akakagua ukingo wa herufi kwa lenzi: S ya kweli imeinuka pamoja na uso wa sarafu, haina mstari wa kiungo wala rangi tofauti kuizunguka.

Ikishathibitika, inabaki hali yake, inayopimwa kwa alama 1 hadi 70. Hapa ndipo wenye bahati hujiharibia wenyewe: wanaisugua kwa ndimu na majivu kama sinia ya shaba, ing'ae kabla ya kupelekwa sokoni. Inang'aa kweli, na mnunuzi anashusha bei papo hapo, kwa sababu ule ukahawia wa miaka mia haurudi tena.