Umevunjika paja, dereva ameshtakiwa kwa "kutokuwa mwangalifu" tu?

Wengi huingia ofisini kwangu hapa Mombasa wakiwa wameshakasirika. Abiria wa bodaboda amegongwa na matatu pale Makupa, paja limetiwa chuma, kisha anasikia dereva ameshtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu. "Wakili, mimi karibu nife!"

Nasikitika nao, lakini Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haipandishi kosa kwa kufuata jeraha. Mpaka wake mkubwa ni kifo. Mtu akifa, kifungu cha 46 huweza kumpeleka dereva jela hadi miaka 10. Akibaki hai, hata akikatwa mguu, shtaka kwa kawaida hurudi kwenye namna gari lilivyoendeshwa: kwa hatari, kifungu cha 47, au bila uangalifu, kifungu cha 49. Jeraha lina nafasi yake hakimu anapopima adhabu.

Uzito wenyewe huandikwa kwingine. Polisi huigawa ajali kuwa ya kifo, ya majeraha mabaya au ya majeraha madogo. Halafu kuna P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, na hapa nawasihi watu wafungue macho. Fomu hii inawafaa zaidi waliopigwa, maana inauliza hata silaha iliyotumika. Daktari wa mtu aliyegongwa na tuktuk hujiandikia "kitu butu" akaendelea. Pa kuangalia ni kiwango: madhara, madhara makubwa, au kulemazwa. Maana zake zimo katika kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu. Madhara makubwa ni pamoja na yanayohatarisha uhai, yanayoharibu afya vibaya au daima, na yanayoumbua mtu milele. Kulemazwa ni kiungo au hisi kuharibika kabisa au kutofaa tena. Michubuko na maumivu ya shingo huishia kwenye madhara tu, hata kama hulali usiku.

Kwenye fidia, neno la P3 pekee halitoshi. Korti hutazama ripoti ya daktari, asilimia ya ulemavu uliobaki, na kesi zilizopita zenye majeraha ya aina hiyo. Kwa hiyo kila jeraha liandikwe, hata jino. Bima ya lazima ya gari, chini ya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Kinachozidi, umdai mwenye gari.

Na usingoje kesi ya trafiki iishe. Kwa kawaida una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua dai lako, na kesi ya trafiki ikiahirishwa, miaka hiyo haikungoji.