Je, wajua watu walipendanaje kwa telegrafu kabla ya kuonana?

Mwaka 1879 Ella Cheever Thayer, mwanamke aliyewahi kuwa karani wa telegrafu (mtambo wa kutuma ujumbe mbali kwa kugonga kwenye waya wa umeme) huko Boston, Marekani, alichapa riwaya ya mapenzi inayotokea kazini kwake mwenyewe. Aliiita Wired Love, yaani mapenzi ya kwenye waya. Ndani yake binti anayeitwa Nattie anashinda ofisini peke yake, akipokea na kutuma salamu za watu. Siku moja karani wa kituo cha mbali anamtumia ujumbe kwa kasi hadi unampita. Wanaanza kwa kukwaruzana, kisha soga inanoga. Nattie anamjua kwa herufi moja tu, C. Mwanzoni hajui hata kama ni mwanamume au mwanamke.

Iliwezekanaje moyo kunaswa na mtu asiye na sura wala sauti?

Jibu la kwanza liko kwenye waya wenyewe. Waya mmoja ulipita vituo vingi, na kila ulichogonga kilisikika kotekote. Kila kituo kilikuwa na herufi zake za kuitwa, na karani alizoea kuitika anapozisikia hizo, mengine akiyaacha yapite. Kulikuwa na saa za pilikapilika, na kulikuwa na saa ambazo waya ulilala kimya kabisa. Karani hakuruhusiwa kutoka. Afanye nini? Alimgongea mwenzake.

La pili, nami naliona ndilo zito, ni mkono. Wengi hudhani nukta na mistari ya Morse, yaani migongo mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi, ni ileile kwa kila mtu, kumbe sivyo. Chukua hiyo herufi C katika Morse ya Kimarekani: nukta mbili, pumziko dogo, nukta moja. Mmoja atazimwaga haraka kama mvua juu ya bati. Mwingine atalivuta lile pumziko kidogo kabla ya nukta ya mwisho. Makarani wazoefu hawakuhitaji kusoma nukta kwenye karatasi, walizisikiliza zikigonga, na kwa mdundo tu walitambua nani yuko upande wa pili. Hapo mtu ana sauti tayari, ila inatoka vidoleni.

Tena tukumbuke zama zenyewe. Binti wa heshima hakuachwa faraghani na kijana wa kiume. Lakini ofisi ya telegrafu ilikuwa kazi ya heshima kwa wanawake tangu miaka ya 1840, ingawa walilipwa pungufu kuliko wanaume kwa kazi ileile. Pale mezani binti aliweza kuzungumza na mwanamume saa nzima, na mteja aliyesimama dirishani asisikie ila ta-ta-ta.

Mwaka huohuo wa 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Wazee wetu waliposema simu walikuwa na maana ya telegrafu. Neno hilo kwa Kiajemi ni waya. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba tulianza kupiga simu wakati simu ilikuwa inapigwa kwelikweli, kwa kidole.

Nje ya riwaya, Thomas Edison, aliyekuwa karani wa telegrafu ujanani, alisimulia kwamba alimfundisha Mina Miller nukta na mistari wakawa wanagongeana mkononi mbele za watu. Mwaka 1885 akamposa hivyohivyo, na Mina akamgongea jibu la ndiyo kiganjani. Walioana Februari 1886.

Ila waya uliweza pia kudanganya, na Thayer analijua hilo. Mtu anatokea ofisini kwa Nattie akijidai ndiye C. Ni mtu wa kuchukiza, na Nattie anakata mazungumzo kwa uchungu, asijue kwamba aliyemjia ni tapeli. C wa kweli, kijana aitwaye Clem, baadaye anahamia nyumba ileile anayopanga Nattie. Na hapo ndipo riwaya inaponigusa zaidi: sasa wanaonana kila siku, ukuta ndio unaowatenga, lakini maneno ana kwa ana hayatoki kama zamani. Wanachofanya ni kutandika waya kutoka chumba kimoja hadi kingine, kisha wanaanza tena kugongeana.