Je, wajua kwa nini ua zuri la nyikani humtia farasi kichaa?

Farasi anatembea njia tambarare. Ghafla anainua mguu juu kabisa, kama anayevuka mtaro, na mbele yake hamna kitu ila kijiti. Akiachwa, anasimama ameinamisha kichwa, macho yamezubaa. Wafugaji wa Colorado na New Mexico, majimbo ya Marekani, wakimwona hivyo wanajua: huyu amekula loko.

Loko ni neno la Kihispania, maana yake kichaa. Mmea wenyewe unapendeza: bua fupi lenye maua ya zambarau au meupe, yenye umbo la ua la kunde, maana ni wa jamaa ya kunde na maharage. Humea kwenye nyika za Amerika Kaskazini. Ubaya wake uko kwenye majira. Baridi inapoisha, nyasi bado ni makapi makavu, loko tayari imechipua kijani kibichi. Mnyama mwenye njaa atafanyaje? Na akishazoea, wengine huendelea kuitafuta hata malisho mengine yakishastawi.

Watu waliipiga vita mapema. Kati ya 1881 na 1885 Colorado ililipa karibu dola 200,000 kwa waliong'oa loko. Fedha ziliisha, loko ikabaki, kwa sababu mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mvua. Mwaka 1908 mtaalamu mmoja akadai sumu ni madini ya bariamu. Hakupatia.

Sumu yenyewe, swainsonini, ilikuja kutambuliwa mwaka 1979, tena Australia, kwenye mmea wa jamaa hiyohiyo. Hufanya kazi taratibu. Ndani ya seli kuna kimeng'enya cha kukatakata sukari zilizokwisha kazi, kama mtu wa taka anayepita kila asubuhi. Swainsonini humfunga mikono. Taka hulundikana, seli huvimba, na za ubongo na neva ndizo zinazoumia vibaya. Ndiyo maana mnyama haanguki siku ya kwanza. Huchukua wiki kadhaa. Ng'ombe na kondoo hukonda na kuharibu mimba, na sumu hupita kwenye maziwa hadi kwa ndama. Farasi akiondolewa mapema anaweza kunenepa tena, lakini kumpanda ni kujitafutia ajali.

Sasa kioja chenyewe: loko haitengenezi sumu hiyo. Ndani ya majani na mbegu zake kuna mpangaji, kuvu asiyeonekana kwa nje wala kuudhuru mmea, na yeye ndiye mpishi. Watafiti walipobambua ganda la mbegu anamojificha kisha wakaotesha kiini, mmea ulikua vizuri tu, bila swainsonini.

Huku kwetu Afrika pia mpangaji wa aina hiyo yupo. Msumbiji, mbuzi wamepatwa na ugonjwa wa namna hiyohiyo kwa kula Ipomoea carnea, ndugu wa kiazi kitamu mwenye maua ya waridi kama tarumbeta.